Mbunge wa Chumba cha Kufulia

Mimi ndiye niliyemfundisha Larisa kuficha, na nilimfundisha vizuri. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu watu wetu hapa Louisville wanapenda kunisifu, eti Mama Teta alimpeleka yule mama mzungu mpaka Buffalo kwa gari lake mwenyewe. Gari nililiendesha, ni kweli. Lakini kabla ya gari kulikuwa na miezi mitatu ya chumba cha kufulia, na ya huko hayana sifa.

Tulifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, si mbali na mtaa wa Beechmont. Mimi nilikuwa huko tangu 2009. Yeye aliletwa Aprili 2015, mama wa miaka sitini, msuko umezungushwa kichwani, mgongo umenyooka kama aliyemeza mwiko. Siku ya kwanza alijaribu kukunja shuka lenye mpira mara nne, likamshinda, akaliweka mezani na kulitazama kwa hasira. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikamwonyesha. Wiki ya pili mpishi akaniambia kwamba yule kwao Ukraini alikuwa mbunge, halafu meya miaka kumi na miwili. Nilicheka sana. Kwetu mbunge akianguka huanguka na gari lake na walinzi wawili. Sikuwahi kuona aliyeangukia kwenye mashuka ya wazee.

Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, yeye chake na mimi changu, na tukaelewana kuliko tulivyoelewana na msimamizi. Hivyo ndivyo nilivyojua shida yake. Alikuwa ameomba hifadhi. Siku yoyote angeitwa na ofisa, na ofisa akikataa, angerudishwa. Huko kwao vita vilikuwa vinaendelea, na pande zote mbili zilikuwa na hesabu naye: waasi walimfungia chini ya jengo siku kumi na tisa, na serikali ikamfungulia kesi ya usaliti. Aliniuliza, kwa kuwa mimi ni mkimbizi wa siku nyingi, kama najua mambo ya ofisa.

Kama najua. Katika kambi yetu Burundi nilihojiwa mara nane kwa miaka mitatu. Watu wa milima ya Kivu Kusini tulijifunza mahojiano kama watoto wanavyojifunza Baba Yetu. Sheria ilikuwa fupi: tarehe moja, jibu moja. Ulichokiandika mara ya kwanza ndicho kilichotokea. Usichokiandika hakikutokea, hata kama kovu lake unalo mguuni. Nikamwambia nitamfundisha, na nikajiona mtu mwema.

Kuanzia Julai, kila tulipobaki wawili, nilikaa upande wa pili wa meza ya kukunjia nikawa ofisa.

"Ulizaliwa wapi?"

Swali hilo peke yake lilichukua robo saa. Alizaliwa Vuhlynka, mji wa makaa ya mawe, baba mchimbaji na babu mchimbaji. Akiwa na miaka kumi na minane aliajiriwa kwenye chumba cha taa cha mgodi. Kila anayeshuka huchukua taa yake dirishani, akipanda huirudisha, na msumari wa kuitundika ukibaki mtupu jioni, mtu yuko chini bado. Mwaka mmoja alikaa usiku na mchana mbele ya misumari mitupu kumi na moja, na wake za watu hao wamejaa mlangoni. Anasema hapo ndipo alipojifunza kuongea na watu wenye hofu. Mwaka 1989 wachimbaji waligoma, maana hata sabuni ya kujiosha hawakuwa nayo. Wanaume walikuwa wanagombania kipaza sauti, yeye akakichukua akasoma madai yote kwa utaratibu, sabuni ya kwanza. Mwaka uliofuata wakampeleka bungeni. Mbunge mmoja alimdhania mhudumu akamwagiza chai. Alimletea, kisha akakalia kiti cha bwana huyo, wakasumbuana mpaka spika akaingilia. Alipiga kura ya uhuru wa nchi yake. Baada ya vipindi viwili alishindwa na bwana aliyegawa sukari. Akarudi Vuhlynka, akawa meya, akavuta bomba la maji kilomita ishirini na kugombana na kila mtu ambaye lilipita shambani kwake.

"Mama Larisa," nikasema, "nimekuuliza ulizaliwa wapi."

Alikuwa hawezi jibu fupi, na nilimchapia meza kwa taulo mara nyingi. Alikasirika, na akikasirika aliongea lugha ya kwao, lakini kesho yake alirudi kwenye kiti.

Siku moja ya Agosti mashine mbili za kukaushia ziliharibika pamoja, chumba kikawa kimya, na katika ukimya huo akaniambia jambo ambalo halikuwa kwenye fomu yake. Masika ya 2014 watu wenye bunduki waliingia ofisi ya mji. Walimpigisha dereva wake magoti kwenye korido. Yeye walimpa karatasi na kipaza sauti cha uwanjani. Karatasi ilisema watu waje uwanjani, hakuna hatari, meya wao yuko pamoja na utawala mpya. Akaisoma. Watu wakaja, kwa sababu ilikuwa sauti ya Larisa, ile ya mwaka wa mgomo na ya maji. Wenye bunduki walikuwa na orodha. Saba walikamatwa palepale uwanjani, na wawili kati yao, walimu, hawajaonekana tena. Dereva aliachiwa. Halafu ndipo wakamfungia yeye.

Katika fomu aliandika siku kumi na tisa tu. Kipaza sauti alikiacha.

"Ni nani hapa Amerika anayejua?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Basi halikutokea," nikasema, na sikuacha kukunja.

Nikaendelea na kazi yangu ya uofisa. Swali la kwanza watakalokuuliza, nilimwambia, ni kama una cha kuongeza au kurekebisha kwenye fomu. Jibu ni hapana. Sema. Akasema, lakini macho yakakimbilia dirishani. Tena. Akasema, mkono ukapanda shingoni. Wiki sita tulilifanyia kazi neno moja.

Barua ya wito ikaja mwisho wa Septemba. Mahojiano Buffalo, kwa sababu alifikia huko kwa mpwa wake na maombi yakapelekwa kwa anwani hiyo. Mkalimani aje naye mwenyewe. Hapo tukahangaika. Mpwa alikuwa ndugu, hakufaa. Watu wa kanisa lao waliogopa kuingia kwenye kesi ya mtu anayeitwa msaliti. Aliyetuokoa ni binamu yangu Umutoni wa Whitehall, kule Columbus, aliyekumbuka Mtanzania mmoja aliyewahi kuongea Kirusi kwenye harusi ya watu. Anaitwa Tarcisius, mtafiti wa udongo kwenye chuo kikuu. Ujanani alisoma Kiev, mji mkuu wa Ukraini, miaka sita. Kirusi alifundishwa darasani, Kiukreni alikipata sokoni na bwenini. Alikubali kwa simu, kwa upole mwingi, kisha akauliza mara tatu kama akikosea neno anaweza kufungwa.

Tuliondoka Louisville alfajiri ya Jumatatu ya Oktoba, mimi, Larisa, na kikapu cha mayai ya kuchemsha. Nilimwachia Teta, binti yangu wa miaka kumi na mitano, wadogo zake wawili. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba anajua, nimeshamwambia mara kumi. Larisa alikuwa ametulia, na utulivu wake haukunipendeza, ingawa sikujua kwa nini.

Kufika Columbus saa tano tulimkuta Tarcisius amesimama mbele ya nyumba ya kupanga, mtaa umejaa wanafunzi na baiskeli, yeye amevaa suti ya mazishi na kukumbatia kamusi mbili.

"Bon, mzee Tarcisius, ingia," nikamwambia. "Kile Kiukreni yako haiyapotea mu kichwa?"

"Hakijapotea, Mama Teta. Kimeshika kutu kidogo tu."

Alimsalimu Larisa kwa jina lake na la baba yake, Larisa Pavlivna, kama wanavyoheshimiana kwao. Nikaona mgongo wa mama yule, ambao nilidhani hauwezi kunyooka zaidi, ukanyooka. Kwa saa nzima waliongea, na mimi nikaendesha bila kuelewa neno. Nilijisikia kama niliyenyang'anywa mtu wangu, nasema ukweli.

Tulipolipita jiji la Cleveland, ziwa likawa upande wa kushoto. Nikasema tufanye mazoezi ya mwisho, mzee awe ofisa.

"Je, una cha kuongeza au kurekebisha kwenye fomu yako?" Tarcisius akauliza kwa sauti ya serikali.

"Hapana," akasema Larisa. "Hakuna."

Nilimwona kwenye kioo. Macho hayakukimbia. Mkono ulikuwa umelala pajani. Sauti haikupanda wala kushuka. Lilikuwa kama jibu la mtu anayeulizwa kama ana ndugu mjini, naye kweli hana. Mwanafunzi wangu alikuwa amefaulu, na mimi nikausahau usukani mpaka gari likakanyaga mstari, na lori nyuma yetu likapiga honi. Ile sauti niliijua. Niliwahi kuitumia mimi.

"Pole, Mama Teta," akasema Tarcisius. "Umechoka? Naweza kushika usukani."

"Hapana," nikasema. "Hakuna."

Jioni kwa mpwa wake tulipewa supu nyekundu ya bitiruti, yangu nikaiacha. Larisa alikula sahani mbili. Alipiga pasi blauzi yake, akalala. Nilikaa sebuleni nikijiambia kwamba si kazi yangu, kwamba mwalimu hageuzi somo siku ya mtihani, kwamba nikifungua mdomo nitajifunga na mimi. Hili la mwisho ndilo lililokuwa la kweli.

Asubuhi saa moja na nusu tulikuwa tumeegesha mbele ya jengo. Miadi na ofisa ilikuwa saa mbili. Larisa alikuwa ameshika mpini wa mlango.

"Mama Larisa," nikasema, "lile jibu la hapana usilitoe. Mwambie ya kipaza sauti."

Aligeuka taratibu. Tarcisius nyuma akaacha kufungua kamusi.

"Mama Teta, unasemaje?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Teta haiko wa kwanza," nikamjibu. "Musiniite vile. Wa kwanza ni Manassé."

Nikayasema yote, Kiingereza na Kiswahili vikichanganyika, na mzee akimtafsiria Larisa palipokwama. Juni 2004 tulivuka kutoka Uvira, Kongo, kuingia Burundi usiku, watu wengi, risasi nyuma yetu. Manassé alikuwa na miaka tisa. Nilikuwa na Teta mgongoni na yeye mkononi, na upande wa pili nilikuwa na Teta tu. Nilitafuta miaka mitatu. Katika kila mahojiano ofisa alisimama kwenye jina lake. Yuko wapi? Sijui. Faili linarudi chini. Watu waliokuja baada yangu wakapanda ndege. Ndipo Sebagabo, mzee wa kanisa katika safu yetu ya mahema, akaniambia: sema amekufa, Mungu anaujua moyo wako, na huyu binti atakulia kwenye tope mpaka lini. Mahojiano ya tano nikasema amekufa. Wakataka tarehe. Nikachagua tarehe. Faili likatembea.

"Mwaka 2012 kwaya moja ya kambi ya Nakivale, Uganda, ilituma picha kwenye Facebook," nikasema. "Safu ya pili. Ni mtoto wangu. Ananipigia kila Jumapili ananiuliza ni lini. Siwezi kumwombea kibali cha kuja. Ameshakufa, nimeweka sahihi. Uraia wenyewe sijauomba mpaka leo kwa sababu fomu inataka watoto wote. Watu wanasema naogopa mtihani."

Nje watu walikuwa wanapita na vikombe vya kahawa kwenda kazini.

"Kwa nini leo?" Larisa akauliza. Sauti yake ilikuwa chini, na chini hivyo ilitisha zaidi. "Miezi mitatu umenichapia meza kwa taulo. Kwa nini si Julai?"

"Kwa sababu Julai ulikuwa hujui kusema hapana. Jana umejua."

Alifungua mlango akatoka, akaubamiza mpaka kioo kikalia. Tarcisius akakusanya kamusi zake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, sijui kwa nani kati yetu, akamfuata.

Nilikaa ndani ya gari kwa muda wa saa nne. Niliomba, kisha nikaona aibu kuomba, maana sikujua niombe nini. Akisema hapana na wasijue, atabaki salama, na neno hilo atakaa nalo kama mimi. Akisema ukweli, ofisa anaweza kuandika kwamba huyu alisaidia watesaji, na kumrudisha. Na aliyemsukuma ni mimi, dakika thelathini kabla, baada ya kumsukuma upande mwingine siku tisini. Mkosi gani mimi. Nilimchukia Sebagabo, ambaye ameshafariki maskini. Nikamenya yai moja, nikalirudisha kikapuni.

Walipotoka, shati la mzee lilikuwa limelowa mgongoni. Larisa aliingia mbele, akafunga mkanda, akafumba macho mpaka tulipotoka jijini. Habari niliipata kwa Tarcisius, tuliposimama kujaza mafuta.

Ofisa alikuwa dada kijana mwenye miwani. Aliuliza lile swali kwanza kabisa, kama nilivyosema. Ilibidi alirudie mara ya pili. Kisha Larisa akasema kipo cha kuongeza. "Mama Teta, nilitamani kiti kile kiwe cha mtu mwingine," Tarcisius aliniambia, "kwa sababu nilikuwa nimeapa kutafsiri kila neno, na nilijua hilo neno linafungua nini." Larisa akaeleza yote, dereva, karatasi, uwanja, majina ya wale saba mmoja mmoja. Ofisa alipiga chapa bila kuinua kichwa. Mwishoni akamuuliza: ulipokuwa unasoma, ulijua watu watakuja kwa sababu ni wewe?

"Akajibuje?"

"Neno moja. Alisema, nilijua."

Baada ya hapo tulisubiri. Nilikuwa wa kwanza kufika kazini ili nimwone anavyoingia, na nilimsoma uso kabla hajavua koti. Tulikunja mashuka bila mazoezi, kila mmoja upande wake wa meza. Msimamizi aliuliza kama tumegombana. Usiku niliota barua, ya kwake na ya kwangu, zimechanganyika. Jumapili Manassé alipopiga nilimwambia nina wageni, nikakata. Alikuwa ametimiza miaka ishirini. Watu wanaojua wananiambia akifika ishirini na moja njia ya kumleta inakuwa ndefu zaidi, lakini kujua kwao hakukunisaidia kitu ila kunikosesha usingizi.

Ilikuwa Alhamisi ya Novemba. Aliingia na bahasha tayari imefunguliwa, akaniwekea juu ya rundo la taulo. Kiingereza changu cha kusoma ni cha polepole. Nikasoma mstari wa kwanza mara mbili. Wamempa hifadhi.

Mpishi alikuja, wahudumu wakaja, mtu akaleta keki ya wazee iliyobaki. Nilimkumbatia na nililia, na kila mtu alidhani nalia kwa furaha. Furaha ilikuwepo. Lakini chini yake niliogopa kuliko siku ile ya Buffalo, maana tangu 2012 nilijiambia kwamba mtu akifungua faili lake anaangamia, na huyu hapa amelifungua mbele ya macho yangu na anakula keki. Ushindi wake uliniondolea kisingizio. Sikutaka anitazame.

Wenzetu waliporudi kazini alifunga mlango, akapindua kikapu cha nguo akakikalia. Akatoa kwenye mfuko wa aproni karatasi kadhaa zilizokunjwa, nikazijua kabla hajazinyoosha. Fomu ya uraia. Alikuwa ameichapisha maktaba, na mwanasheria wa bure walimtafuta kwa simu yeye na Tarcisius, naye atatuona Jumanne. Hakuniuliza kama nataka. Nadhani hivyo ndivyo alivyovuta lile bomba la maji.

"Wanaweza kuninyang'anya kila kitu," nikamwambia. "Mimi na watoto."

"Wanaweza," akasema. Hakunidanganya, na kwa hilo nilimheshimu na kumchukia palepale. Akageuza ukurasa mpaka kwenye watoto, akafungua kalamu ya wino. "Wa kwanza. Jina."

"Manassé."

Aliandika herufi kubwa, bila haraka. "Tarehe ya kuzaliwa." Nikataja. Mashine zilikuwa zinazunguka, mashuka ya ghorofa ya pili.

"Anaishi wapi?"

Nilifungua mdomo, na neno lililokuja kwanza ni lile la kambini. Lilikuwa limesimama mlangoni, laini, halina kona. Nililimeza, likanikwaruza lote. Larisa alikuwa anasubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Uganda," nikasema. "Andika Uganda. Anaishi."